Herufi moja tu: ginsi ya kuchagua vipande vya kompyuta vinavyopatana



Watu wengi wametuuliza juu ya ile kompyuta ya kikundi chetu cha ufundi. Sababu gani ilikaa mezani wiki tano bila kuonyesha hata herufi moja? Na sababu gani kijana mumoja wa kelasi ya tatu alisemwa vibaya mupaka akaacha kuja kwetu? Tumeona vema kuandika habari yote hapa na kuifanya somo, ili mutu atakayetaka kesho kuunga kompyuta yake asipotee pale tulipopotea sisi.

Kwanza tueleze neno lenyewe. Kuunga kompyuta si kutengeneza vipande. Vipande vinatoka viwandani vikiwa tayari, kila kimoja ndani ya kartoni yake, na kazi yetu ni kuvichagua na kuvifunga pamoja ndani ya kasha moja. Kufunga ni kazi ya saa mbili tatu, na turunevisi moja inatosha. Taabu iko katika kuchagua. Fundi wa baiskeli anajua jambo hili: mupira wa 26 ni muzuri, na gurudumu la 28 ni zuri, lakini jaribu kuvalisha moja kwa lingine, utaona. Vivyo hivyo kipande cha kompyuta. Usiulize tu kama ni kizuri. Uliza: kinapatana na nani?

Tena sisi wa Kalemie tuko na sababu moja zaidi ya kuwa waangalifu. Vipande vyetu vilinunuliwa Dar es Salaam, vikafika Kigoma, kisha vikavuka ziwa kwa mashua. Mama mumoja mufanyabiashara anayefanya safari hiyo alikubali kutuletea bila kutafuta faida. Kipande kikikosea huwezi kukirudisha kesho asubuhi dukani. Tulimupa dola 350, zilizotoka kwa wazazi, kwa walimu, na kwa wanafunzi waliouzisha mandazi siku za posho. Pamoja na feza tulimupa karatasi yenye majina ya vipande. Karatasi hiyo tuliiandika sisi wane wa kelasi ya ine. Muikumbuke karatasi hiyo, tutairudilia.

PAHALI PA KUKETI PROSESA

Prosesa ni kile kipande kinachofanya hesabu zote. Kinaketi juu ya ubao mama, ndio ubao mukubwa unaounganisha vyote, katika pahali pa muraba panapoitwa soketi. Kampuni mbili za Marekani, Intel na AMD, ndizo zinazotoa karibu prosesa zote za kompyuta ya mezani, na prosesa ya mumoja haiketi katika soketi ya mwingine.

Lakini hata ndani ya kampuni moja soketi zinabadilika. Intel ilileta LGA1200 mwaka wa 2020, kisha LGA1700 mwisho wa 2021, kisha LGA1851 mwaka wa 2024. Namba hizo ni hesabu ya pahali ambapo prosesa na ubao vinagusana. AMD ilikaa muda murefu na soketi moja, AM4, ambayo prosesa za Ryzen zilianza kuitumia mwaka wa 2017. Halafu mwaka wa 2022 ikaja AM5. Prosesa ya AM4 iko na sindano 1331 chini yake, nyembamba sana. Kwa AM5 na kwa LGA zote sindano ziko juu ya ubao, si chini ya prosesa. Kwa hiyo mujue mapema ni upande gani musiopaswa kugusa.

Sasa tazameni mutego. Mutu anaweza kusema: "Namba ni moja, basi vinapatana." Hapana. Intel ilileta soketi ya LGA1151 mwaka wa 2015 kwa prosesa za kizazi cha 6, na kizazi cha 7 kikaifuata. Mwaka wa 2017 kikaja kizazi cha 8, nacho kinatumia LGA1151, hesabu ileile, umbo lilelile. Lakini ubao wa zamani haukukubali prosesa ya kizazi cha 8. Inaingia vizuri kabisa, na haiwaki. Mutu aliyetazama umbo peke yake alipoteza feza yake.

Kuna mutego wa pili, nao haushikiki kwa mukono. Ndani ya ubao mama kuna programu ndogo inayoitwa BIOS, inayoamuka ya kwanza kabla ya programu zote. Ni kama mulinzi wa mulango mwenye orodha ya majina. Ubao uliotoka kiwandani mwaka wa 2018 haujui jina la prosesa iliyozaliwa mwaka wa 2022, hata kama soketi ni ileile AM4. Ubao wa aina ya B450 uko hivyo: unaweza kupokea Ryzen za namba 5000, lakini kwanza BIOS yake ifanywe upya. Na namna gani utaifanya upya kama kompyuta haiwaki? Mbao zingine ziko na kinobe maalum nyuma: unatia programu mpya katika ufunguo wa USB, unafinya kinobe hicho, na ubao unajisomea wenyewe bila prosesa. Mbao zingine hazina, na hapo lazima kuazima prosesa ya zamani. Sisi tulichagua ubao wa B550, na katika jambo hili tulifanya vizuri, maana kwenye kartoni palibandikwa karatasi iliyoonyesha kama BIOS yake inajua Ryzen 5000.

Kila kampuni inayotengeneza mbao mama inatoa orodha ya prosesa ambazo ubao fulani unakubali, na namba ya BIOS inayohitajika kwa kila moja. Simu moja yenye megabaiti inatosha kuisoma. Ni somo la dakika kumi, na mwenye duka hatalisoma kwa ajili yako.

HERUFI YA MWISHO

Hapa ndipo tulipoanguka.

Ili skrini ionyeshe kitu, lazima kuwe na chombo kinachochora picha. Chombo hicho kinaweza kuwa ndani ya prosesa yenyewe, ao kinaweza kuwa kadi ya picha inayochomekwa juu ya ubao. Kompyuta ya kuandika barua, ya kufanya hesabu na ya kutayarisha Examen d'État haihitaji kadi kubwa. Picha iliyo ndani ya prosesa inatosha kabisa. Sisi tulitaka Ryzen 5 5600G, yenye picha ndani. Kwenye karatasi tuliandika Ryzen 5 5600.

Ni prosesa mbili tofauti. Zote ni za AM4, zote ziko na viini sita, zote zimeandikwa 65 W. Lakini 5600 bila G haina picha hata kidogo. Na ubao wetu ulikuwa na tundu la HDMI nyuma, safi, likikaribisha waya wa skrini. Tundu hilo halichori kitu. Linapitisha tu kile ambacho prosesa imechora. Prosesa ikiwa haina picha, tundu ni kama bomba lisilo na maji.

Na herufi hizi hazisemi lugha moja. Kwa Ryzen 5000, herufi G inaongeza picha. Kwa Intel, herufi F inaondoa picha: Core i3-12100 iko nayo, Core i3-12100F haina, na hii ya pili kwa kawaida inauzishwa kwa bei ndogo zaidi, ndiyo maana inavuta watu. AMD nayo, ilipofika AM5, ilitia picha ndogo ndani ya prosesa nyingi hata bila herufi, na zile zisizo nayo zikapewa F. Basi mutu asikariri kama G ni nzuri na F ni mbaya. Asome habari ya prosesa ile moja anayoitaka.

Siku ya kufunga, prosesa iliwekwa na yule kijana wa kelasi ya tatu, sababu mikono yake ni mitulivu kuliko yetu. Alitazama pembe yenye alama ya pembetatu, akailinganisha na pembetatu ya soketi, akaiachilia iingie kwa uzito wake bila kuisukuma, akashusha kifungo cha chuma. Ndivyo inavyopaswa. Tukawasha. Feni ikazunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi. Tukazima, tukawasha tena. Nyeusi.

Mumoja wetu akasema, "Huyu mutoto njo alivunja sindano." Wote tukaitika. Hakuna aliyetoa prosesa kutazama kama sindano imepinda kweli. Tuliogopa kuharibu zaidi, na pengine, tuseme kweli, ilikuwa vyepesi kuwa na mukosaji kuliko kuwa na swali. Habari ikazunguka shule nzima. Wengine wakaanza kusema wazazi wake walipe. Kijana akaacha kuja, hata kwenye mupira hakuonekana.

Baada ya wiki tatu mwalimu wetu wa fizika aliingia, akatuomba tuwashe. Hakugusa kitu. Alituuliza tu: "Ile taa nyekundu ndogo, pale pembeni, iliandikwa nini?" Tukainama. Juu ya ubao kuna taa ine ndogo, na karibu na kila taa kuna maandishi: CPU, DRAM, VGA, BOOT. Ya kwanza ni prosesa, ya pili RAM, ya tatu picha, ya ine disiki ya kuanzia. Kompyuta inapoamuka inakagua kila kimoja kwa zamu, na pale inapokwama taa inabaki. Taa ya CPU ilikuwa imezimika. Prosesa ilikuwa nzima. Iliyowaka ni VGA, na iliwaka hivyo wiki tatu mbele ya macho yetu.

Mwalimu akaomba kartoni ya prosesa na ile karatasi. Akazisoma kwa sauti moja baada ya nyingine. Zilikuwa sawasawa. Mama mufanyabiashara alipoulizwa alijibu bila hasira: "Batoto yangu, mi nilileta ile muliandika." Na mwandiko ulikuwa wetu.

Tulikwenda nyumbani kwa kijana jioni ileile, tukaomba musamaha kwake na kwa baba yake. Kadi ya picha tulilipa sisi wane, si kikundi. Ni GeForce GT 1030 iliyokwisha kutumika, ndogo, inayokula 30 W tu, kwa hiyo haihitaji waya wake wa umeme. Nafasi inapochomekwa juu ya ubao inaweza kutoa mupaka 75 W. Ilivuka ziwa katika safari iliyofuata. Kijana mwenyewe ndiye aliyeichomeka. Hata karatasi hii munayosoma imepigwa juu ya kompyuta hiyo.

RAM, NA JINO LAKE

RAM ni pahali prosesa inapoweka kazi iliyo mikononi. Ubao mumoja unakubali aina moja tu: DDR4 ao DDR5. Vijiti vyote viwili viko na pahali 288 pa kugusana na urefu ni mumoja, lakini pengo dogo la katikati halikukatwa pahali pamoja, hata umeme wake si sawa: 1,2 V kwa DDR4, 1,1 V kwa DDR5. Kijiti kikikataa kuingia, usikisukume kwa nguvu. Kitoe, tazama pengo. AM4 inataka DDR4. AM5 inataka DDR5 tu. LGA1700 ndiyo yenye matata, sababu kuna mbao za DDR4 na mbao za DDR5 kwa soketi ileile. Lazima jina la ubao lisomwe mupaka mwisho.

Mumwambie pia anayewanunulia kama ni RAM ya kompyuta ya mezani. Ile ya kompyuta ya kubebwa ni fupi, karibu nusu, haiingii.

Vijiti viwili vya 8 GB ni vema kuliko kimoja cha 16, maana prosesa inasoma vyote viwili pamoja. Ubao ukiwa na nafasi ine, kwa kawaida vinawekwa ya pili na ya ine kutoka upande wa prosesa. Sisi tuliviweka kwanza kimoja kando ya kingine, na kompyuta iliwaka lakini pole pole kidogo.

UMEME

Watu wengi wanaogopa sanduku la umeme wakifikiri kama la 450 W linakula 450 W kila saa. Hapana. Namba hiyo ni mwisho wa nguvu zake. Linavuta kile tu ambacho vipande vinaomba, pamoja na kidogo kinachopotea kwa moto. Kompyuta yetu ikiwa katika kazi ngumu: prosesa inaweza kupanda kupita zile 65 W zilizoandikwa, kadi 30, ubao na RAM na disiki na feni tuseme 50. Haifiki 200. Basi 450 W inatosha na nafasi inabaki. Anayewauzisha 750 W kwa kazi kama hii anawapunguzia feza tu. Lakini watt si yote: sanduku la bei ndogo kupita kiasi linaweza kuandikwa namba kubwa ambayo haliwezi kubeba. Ukilinyanyua na likawa jepesi kama kartoni tupu, uwe na mashaka.

Mambo matatu ya kuangalia, na yote yamekwisha kuchoma vyombo vya watu. Masanduku mengine ya zamani yako na kinobe chekundu nyuma, 115 ao 230. Kwetu umeme ni 220 V, kwa hiyo kikae kwenye 230. Kikiachwa kwenye 115, sanduku linapasuka mara moja. Tena kuna waya mbili zenye matundu manane zinazofanana, moja ya prosesa na moja ya kadi kubwa za picha. Umbo la matundu si moja; ikikataa, ni kwamba umekosea waya. La tatu ni masanduku ambayo waya zake zinachomoka. Usichukue kamwe waya ya sanduku moja kuitia katika sanduku la kampuni nyingine, hata kama inaingia vizuri. Upande wa sanduku kila kampuni inapanga umeme ginsi inavyotaka, na disiki inaweza kufa kabla hujatoa mukono.

VINAVYOBAKI

Kasha: tazama ukubwa wa ubao. ATX ni milimetre 305 kwa 244, microATX ni 244 kwa 244, Mini-ITX ni 170 kwa 170. Ubao mudogo unaingia katika kasha kubwa. Kinyume chake haiwezekani. Feni ya prosesa: zingine zinakuja nayo ndani ya kartoni, kama yetu, zile za Intel zenye herufi K hazina. Chini ya feni mupya kuna dawa ya kijivu iliyokwisha kupakwa. Si uchafu. Mumoja wetu alikuwa ameshika kitambaa tayari.

Disiki ya SSD ya umbo refu kama ubani inaitwa M.2, na hapa tena umbo linadanganya: kuna ya SATA na ya NVMe, na nafasi zingine juu ya mbao zinakubali moja tu. Kitabu kidogo cha ubao kinasema.

Kwa wale wanaotaka kununua kompyuta nzima iliyokwisha kutumika: Windows 10 iliacha kupata musaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka, kwa Intel, karibu kila mara kizazi cha 8 ao zaidi. Mashini ya kizazi cha 4 ingali inafanya kazi vizuri na Linux, na si aibu.

Karatasi yetu mupya ya kuagizia iko na mistari miwili kwa kila kipande. Mustari wa kwanza ni jina lote mupaka herufi ya mwisho, lililonakiliwa kutoka orodha ya kampuni, si kutoka kichwani. Mustari wa pili ni vipande ambavyo kinapaswa kupatana navyo. Na aliyeandika si yeye anayesahihisha.

ZOEZI

1. Rafiki yako yuko na ubao wa AM5. Kaka yake amemupa vijiti viwili vya DDR4 vya kompyuta ya mezani. Vitaingia? Eleza sababu.

2. Karatasi ya kuagiza inasema: prosesa Core i5-12400F, ubao H610 wa LGA1700 wa DDR4, vijiti viwili vya DDR4 vya 8 GB, SSD ya SATA, sanduku la umeme la 450 W, kasha la microATX. Kipande gani kinakosekana, na taa gani ingebaki ikiwaka?

3. Kompyuta pamoja na skrini inavuta 90 W. Betri ya jua ni ya 12 V na 100 Ah, nasi tunakubali kutumia nusu yake tu. Chombo cha kugeuza umeme kinapoteza 15 kwa mia. Tutaandika saa ngapi kabla ya kuzima?

Majibu yapelekwe kwa mwalimu wa fizika kabla ya siku ya tano. Kompyuta iko katika chumba cha pembeni ya maktaba. Anayetaka kuitazama ikiwa wazi aje siku ya posho saa tatu, yule kijana wa kelasi ya tatu ndiye atakayeifungua.